Damu Yetu Mliipeleka Wapi?

(Niliyasema haya Dodoma mbele ya wanafunzi wa utabibu na uuguzi, maafisa ugani na wafanyabiashara wa nafaka. Nimeyaandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, pamoja na yale niliyoyachomekea nikiwa nimesimama.)

Mbukwenyi!

Mheshimiwa Mwenyekiti, itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika ishirini na tano. Nikianza kuwataja mmoja mmoja waliokaa viti vya mbele, nitashuka hapa jukwaani sijasema neno juu ya ini. Mnisamehe, mimi ni mtu wa maabara, kusema mbele za watu si kazi yangu ya kila siku.

Mezani pangu mnaona sinia lililofunikwa, sado ya mahindi na kitaa kidogo cheusi. Kitaa tutakiwasha mwishoni. Sinia nalifunua sasa hivi, maana wanafunzi wa nyuma wameshaanza kuulizana harufu inatoka wapi.

Hili ni ini la mbuzi. Nimelinunua mnadani Msalato, Jumamosi. Kijana aliyenichinjia alilitoa ini likiwa bado la moto, akalilaza kwenye kiganja cha kushoto, akaligeuza kutafuta kifuko cha nyongo. Mnakiona hiki, cha kijani, kinakaribia kidole gumba. Hakukigusa. Alikata pembeni, akakubali kupoteza kipande cha ini kuliko kukikaribia kwa kisu. "Hiki kikipasuka, mzee wangu, hiyo nyama utaila mwenyewe." Nikamwomba akiache, nina kazi nacho. Akanitazama kama mganga.

Kisha akanionyesha ini jingine, la ng'ombe, aliloliweka kando. Akapasua mrija mmoja kwa ncha ya kisu, akaubinya, akatoka mnyoo bapa kama jani lililolowa. Lile halikuwa la kuuzwa. Nikaondoka pale nimekaa kimya kidogo. Mbuzi wa Msalato ini lake linakaguliwa siku anapokufa. Mtu wa Chemba au Bahi anaweza kuugua ini mwaka mzima, akafa, akazikwa, na hakuna aliyelikagua, hata siku hiyo.

Lugha yetu yenyewe inaliheshimu. Uchungu mkubwa tunasema umenikata maini, wala hatusemi umenikata mapafu. Na wazee walikuwa sahihi kwa namna yao, kwa sababu ini ni kama jiko, ghala na dampo la mwili kwa pamoja. Sehemu kubwa ya chakula kilichosagwa tumboni inapita kwake kwanza. Linatunza sukari, linatengeneza protini za kugandisha damu, linavunja dawa na sumu, linatengeneza nyongo ya kulainisha mafuta. Na halilalamiki. Unaweza kupoteza sehemu kubwa ya kazi yake ukaendelea kulima. Macho yakigeuka njano, tumbo likijaa maji, ndipo familia inakodi gari. Sisi maabara tunapopata mrija wa damu ya mgonjwa wa namna hiyo, ugonjwa una miaka kumi, ishirini, wakati mwingine thelathini.

Ndiyo sababu nashikilia kwamba utafiti wa ini, kwa mkoa kama huu wetu, ukianzia wodini umeshachelewa. Unaanzia shambani na kwenye kihenge.

Mnakumbuka mwaka 2016. Kuanzia katikati ya mwaka, watu wa Chemba na Kondoa hapa Dodoma, na wenzao wa Kiteto mkoani Manyara, walianza kuumwa tumbo na kutapika, tumbo linavimba, macho yanakuwa ya njano. Nyumba moja wanaugua watatu, nyumba ya jirani hakuna hata mmoja. Kwa wiki kadhaa uliitwa "ugonjwa usiojulikana," na ugonjwa usio na jina hospitalini hupata jina haraka sana mtaani. Hadi unatulia, watu zaidi ya 60 walikuwa wameugua na takribani 20 wamefariki.

Jibu lilipatikana vipi? Wanafunzi, hapa msisinzie. Hakuna mashine iliyolitoa kwa kubonyezwa. Watafiti waliwachukua wagonjwa na majirani zao wazima, wakauliza kila upande maswali yale yale: mmekula nini, mahindi mliyatoa wapi, mliyakaushia wapi, mliyahifadhi vipi. Wakachota mahindi ya pande zote mbili, wakayapima. Mahindi ya nyumba zilizougua yalikuwa na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wa nafaka, kupita kikomo mara nyingi mno. Damu ya wagonjwa nayo ilibeba alama yake. Jirani mzima ndiye aliyetegua kitendawili, kwa sababu bila yeye huna cha kulinganisha. Nimeona wanafunzi wa shahada wakikusanya wagonjwa mia mbili bila jirani hata mmoja, halafu wanashangaa mbona hitimisho haliji.

Wenzetu wa Kenya walipitia hayo hayo mwaka 2004, ukanda wa Makueni na Kitui: 317 waliugua, 125 wakafa. Miaka kumi na miwili kabla ya sisi, na ni mpaka tu unaotutenganisha. Sisemi zaidi.

Sumukuvu yenyewe iligunduliwa kwa njia ya ajabu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa wa ini ambao hakuna aliyewahi kuuona. Wakaupa herufi X, maana walikuwa hawana jina. Walipofuatilia wakakuta bata wote wamelishwa mashudu ya karanga zilizoingia kwa meli kutoka Brazil, na ndani yake kuna kuvu. Sumu zake walizipa majina kwa rangi zinazotoa chini ya mwanga wa zambarau usioonekana: za buluu zikaitwa B, za kijani zikaitwa G. Kali kuliko zote ni B1.

Nikisoma habari hiyo huwa naifikiria Kongwa. Miaka ya 1947 hadi 1951 Waingereza hao hao walimwaga mamilioni ya pauni Kongwa kwenye ule mpango wao wa karanga, matrekta yakaishia kutu. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikuja kwa ratiba yao. Tuseme zingestawi. Karanga iliyopata kiu shambani kwenye jua la Dodoma, ikavunwa ikaingia ghalani haijakauka, ndiyo karanga ambayo kuvu huyu anaipenda kuliko zote. Hilo wangelijua kwa kuchelewa, na sisi pamoja nao.

Wafanyabiashara wa Kibaigwa, nawaona. Kikomo chetu ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo moja ya nafaka, na 5 kwa ile ya B1 peke yake. Mikrogramu haiingii akilini, kwa hiyo tufanye hivi. Gramu 1 ni uzito wa punje tatu nne za mahindi. Gramu hiyo moja itandaze kwenye magunia 1,000 ya kilo mia. Hapo ndipo kikomo kilipo. Sasa tatizo linalotunyima usingizi sisi wapimaji ni kwamba kuvu hajitandazi. Gunia zima linaweza kuwa safi isipokuwa gunzi mbili tatu zilizotobolewa na funza, na hizo zimebeba sumu ya gunia lote. Unachomeka bambo, ule mrija wa kuchotea nafaka, upande wa kushoto, unapata safi. Mwenzako anachomeka kulia, anapata balaa. Mnatoka hapo mnagombana, kumbe nyote mmesema kweli. Kwa hiyo ukiona tunachoma bambo mara nyingi, juu, chini, katikati, halafu tunasaga na kuchanganya kabla ya kupima, usidhani tunakuharibia gunia kwa makusudi.

Mama mmoja aliniuliza kama ugali ukiiva vizuri sumu inakufa. Haifi. Moto wa jikoni hauiwezi. Kukoboa kunasaidia, kwa kuwa sehemu kubwa huondoka na pumba na kiini, ingawa hapo tunagombana na wataalamu wa lishe wanaotuhimiza dona, na wana haki yao. Mimi kwangu nakula dona, ila mahindi yake nayajua yalikokauka. Pumba nazo haziendi mbali: zinarudi kwa kuku na ng'ombe, na maziwa yanabeba sehemu yake. Punje mbovu tunazochambua nazo hatutupi, tunapika pombe.

Wazee wa Kigogo wa zamani, waliokula uwele na mtama zaidi ya mahindi, bila kujua walikuwa wanakula nafaka ambazo kwa kawaida huyu kuvu hazipendi sana kama mahindi. Sisemi turudi nyuma, watoto wangu hawatakubali. Nasema ni swali zuri la utafiti na limekaa mlangoni petu: ini za watu wa kijiji kilichohamia mahindi zina hali gani, ukizilinganisha na za kijiji kilichobaki na mtama?

Sasa nije kwenye ini lenyewe. B1 inapoingia ini linaitambua kama sumu, linaanza kuivunja ili iyeyuke na kutoka. Na ni katika kuivunja ndipo linapoigeuza kuwa kitu kikali zaidi, kinachong'ang'ania kwenye vinasaba vya seli. Mlinzi anafungua mlango ili amtoe mwizi, mwizi anaingia chumbani. Mwaka 1991 watafiti waliochunguza uvimbe wa saratani ya ini kutoka Qidong, China, na kusini mwa Afrika, walikuta kosa lile lile, mahali pale pale, kwenye kinasaba kimoja kinachozuia saratani. Kosa la nafasi namba 249. Kama fundi anayeacha nembo yake kila ukuta anaoubomoa.

Halafu yupo mshirika wake, kirusi cha homa ya ini aina B. Shanghai walifuatilia wanaume zaidi ya 18,000. Aliyekuwa na kirusi peke yake, hatari yake ya saratani ya ini ilikuwa takribani mara 7 ya asiye na chochote. Mwenye dalili za sumukuvu peke yake, takribani mara 3. Mwenye vyote viwili ilikaribia mara 60. Jumlisha 7 na 3 uone kama unafika huko. Ndiyo maana saratani hii Ulaya humpata mzee, na huku kwetu kusini mwa Sahara inamkuta mtu wa miaka arobaini na kitu, watoto bado wako msingi.

Kirusi B alipatikana na mtu ambaye hakuwa anamtafuta. Baruch Blumberg, Mmarekani, alikuwa anachunguza tofauti za kurithi kwenye damu za mataifa mbalimbali. Damu ya mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi ikashikana na damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, akaiita antijeni ya Australia, akaitangaza mwaka 1965. Miaka michache baadaye ndipo ikajulikana ni ganda la kirusi. Nobeli akapata 1976. Kile alichokiokota ndicho kilichozaa chanjo, na tarehe 28 Julai, siku yake ya kuzaliwa, ndiyo dunia inaadhimisha siku ya homa ya ini.

Tanzania tuliiingiza chanjo hiyo kwa watoto mwaka 2002. Wanafunzi wengi humu mmezaliwa baada ya hapo, mlichomwa mapajani mkiwa wachanga, mkalia, hamkumbuki. Taiwan walioanza 1984 walishaona saratani ya ini kwa watoto ikishuka kufikia nusu. Kwetu mavuno hayo hayajafika, sababu saratani hii inasubiri mtu azeeke kidogo. Pengo letu ni zile wiki za kwanza, kabla ya sindano hiyo. Mtoto anayepata kirusi wakati wa kuzaliwa, takribani 9 kati ya 10 hubaki nacho maisha. Mtu mzima akikipata ni chini ya 1 kati ya 10. Dozi ya chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza tangu 2009, inazungumziwa kwa mtoto huyo. Na nyinyi wauguzi mnaokwenda kushika sindano, msitegemee ya utotoni tu. Pimeni kinga.

Ndugu zangu, sasa nitasema jambo ambalo halikuwepo kwenye karatasi.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa kijana kwenye timu ya utafiti. Nani alitutuma sitasema. Tulikwenda kijiji kimoja, si mbali na hapa, tukapanga meza chini ya mbuyu, tukachukua damu ya watu karibu mia mbili. Ridhaa kwa saini, asiyejua kuandika kwa dole gumba. Kila mmoja akapata kikaratasi cha namba, kipande cha sabuni na kilo ya sukari. Tukafunga masanduku ya barafu, tukaondoka na vumbi letu. Matokeo yakawa andiko, andiko likasomwa mkutanoni nje ya nchi, likapigiwa makofi.

Miaka mitatu baadaye nilirudi kijiji kile kwa kazi nyingine kabisa. Bibi mmoja akanitambua. Hakusalimu sana. Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga, humo mna kadi za kliniki za wajukuu na kile kikaratasi chetu, kimekunjwa mara nne. Namba 114.

"Mjukuu wangu," akasema, "damu yetu mliipeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema "Bibi, nitafuatilia," kama tunavyosema sote. Nilipofika mjini nikafungua daftari la zamani. 114 ilikuwa hasi. 115, mwanawe wa kiume, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, ilikuwa chanya kwa kirusi B. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wangu.

Nilimpata kwa simu, alikuwa amehamia Morogoro. Nikamweleza. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani salio limekata, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Sasa mke wangu na huyu mtoto?" Walipimwa wiki ile. Mke alikuwa hana, akachanjwa. Mtoto alikuwa ameshachanjwa kliniki. Yeye mwenyewe anafuatiliwa ini lake kila baada ya miezi sita, anaendesha bodaboda, tunasalimiana kwenye sikukuu. Lakini miaka mitatu ile nilikuwa na jina lake kabatini.

Siku hizi kamati za maadili zinauliza matokeo yatarudishwa vipi, na ni vizuri. Ila fomu inajazwa kirahisi. Mwanafunzi anaandika "washiriki watajulishwa" anapiga nukta. Nawaomba wasimamizi mliopo hapa mwulize: na nani, kwa usafiri gani, bajeti ya mafuta iko mstari wa ngapi? Wengi wetu bado tunagundua tuna kirusi B siku tunapokwenda kuchangia damu, tukiwa tumetoka nyumbani na nia ya kumsaidia mtu mwingine. Dawa ya tenofovir ipo, inakituliza kirusi B ingawa haikiondoi. Homa ya ini aina C ndiyo inayopona kabisa, vidonge vya wiki kumi na mbili. Mtu asiyejua namba yake inasema nini hanufaiki na chochote katika hivyo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nyongo basi, kwa haraka, nisije nikaidharau baada ya kijana wa Msalato kuihifadhi kwa heshima namna ile.

Mtaani kila anayetapika kitu kichungu cha njano anaambiwa "nyongo imepanda." Mara nyingi ni tumbo tupu tu. Kifuko hiki kinachougua kweli, kwa kawaida kina mawe. Ulaya husomeshwa kwamba mgonjwa wa mawe ya nyongo ni mwanamke mnene wa miaka arobaini. Hapa kwetu ongezeni kijana mwembamba wa miaka kumi na tano mwenye selimundu. Seli zake nyekundu zinavunjika kila siku, rangi yake inamwagikia kwenye nyongo, inaganda, inakuwa mawe meusi. Macho yake ni ya njano siku zote, kwa hiyo nyumbani hawashtuki, na akilia tumbo upande wa kulia chini ya mbavu anapewa dawa ya maumivu kwa kuwa "ni ile siko seli yake." Kwa daktari anayehitimu mwakani: mpeleke altrasaundi. Ni kipimo cha dakika kumi, hakina sindano.

Kukitoa kifuko si jambo jipya. Carl Langenbuch wa Berlin alikitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1882, hoja yake ikiwa kwamba kifuko kiondolewe kwa kuwa ndicho kinachotengeneza mawe, si kwa kuwa kina mawe. Miaka 103 baadaye Mjerumani mwingine, Erich Mühe, akakitoa kwa tundu dogo na mrija wa kutazamia ndani. Alipowaeleza wenzake hawakumpokea. Leo dunia nzima inafanya hivyo.

Basi, tumefika kwenye kitaa. Sado hii ya mahindi nimeletewa na mzee mmoja hapa ukumbini, aliyetoka nayo nyumbani kwake asubuhi; ndiyo wanayoila wiki hii. Ameniruhusu. Ukiyatazama kwa macho ni meupe, mazuri, bei ya juu. Tumeyavunjavunja kidogo kwenye kinu. Chini ya mwanga huu, ule ule wa zambarau usioonekana, punje zilizokaliwa na kuvu huwa zinang'aa kijani chenye unjano, kama jicho la paka barabarani. Angalizo kwa wanafunzi: kinachong'aa ni kitu kingine ambacho kuvu anakitengeneza, sumu yenyewe inapimwa maabara. Kisipong'aa kitu hatujathibitisha usafi, na kikiwaka hatujathibitisha kiasi. Chochote tutakachokiona, mzee atapata jibu la maabara Ijumaa, nimeshachukua namba yake ya simu na yeye ana yangu.

Walio karibu na madirisha naomba mfunge mapazia. Mzee wangu, karibu mbele, yatazame wewe kwanza.